Nusu saa iliyovunja The Tonight Show: Conan, Leno na ratiba ya NBC

Tarehe 10 Januari 2010, mjini Pasadena, California, Jeff Gaspin, bosi wa burudani wa NBC, shirika kubwa la televisheni la Marekani, alisimama mbele ya waandishi wa habari za televisheni akathibitisha uvumi uliokuwa umezagaa kwa siku kadhaa. Kipindi cha mchekeshaji Jay Leno cha saa 4 usiku kingeondoka hewani kuanzia tarehe 12 Februari, siku ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Vancouver. Olimpiki ikiisha, Leno angerudi saa 5:35 usiku na kipindi cha nusu saa. Mchekeshaji Conan O'Brien, aliyekuwa akiendesha The Tonight Show, kipindi cha NBC cha mazungumzo na vichekesho vya usiku, kwa miezi saba tu, angeanza saa 6:05. Jimmy Fallon, ambaye kipindi chake kilifuata cha Conan, angesukumwa hadi saa 7:05.

Kwenye karatasi mpango huo ulionekana wa kiungwana. Hakuna aliyefukuzwa wala aliyepunguziwa mshahara, na kilichohama ni nusu saa. Siku kumi na mbili baadaye Conan alikuwa ameshaaga, NBC imekubali kulipa takriban dola milioni 45 ili kuachana naye, na kipindi kilichoanza mwaka 1954 kikawa kinarudi kwa mtu aliyekiacha mwezi Mei wa mwaka uliotangulia.

Mimi ni mshabiki wa Conan, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Kipindi kikianza New York wakati wa baridi, huku Afrika Mashariki ni saa 1:35 asubuhi, watu wamo njiani kwenda kazini, kwa hiyo wengi wetu tulikifuata kisa hiki kwa vipande vya video kwenye intaneti. Vipande hivyo vinaonyesha nyuso: kidevu cha Leno, nywele nyekundu za Conan, kicheko cha David Letterman, mpinzani wao wa shirika jingine. Ratiba havionyeshi. Ndiyo maana hadi leo kisa hiki kinasimuliwa kama ugomvi wa wachekeshaji wawili, mmoja mwizi na mwingine mwenye haki. Naamini Conan alikuwa na haki. Lakini aliyevunja kipindi ni NBC yenyewe, na ilikivunja mwaka 2004, ilipoahidi kiti kimoja huku ikiogopa kumpoteza yeyote kati ya wawili waliokitaka.

Saa 4, saa 5, saa 5:35

Tuanze na vituo. NBC haimiliki vituo vyote vinavyobeba nembo yake ya tausi. Inavyo vya kwake katika miji mikubwa kama New York, Los Angeles na Chicago, lakini vingine, vilivyotapakaa nchi nzima, ni mali ya kampuni nyingine zenye mkataba wa kurusha vipindi vya NBC. Hivi ndivyo vituo washirika. Usiku wao una mpangilio mmoja: saa 2 hadi saa 5 ni vipindi vya NBC, saa 5 kamili kituo kinaleta taarifa yake ya habari za mji, pamoja na hali ya hewa na michezo, saa 5:35 NBC inarudi na The Tonight Show. (Katikati ya nchi kila kitu hutangulia kwa saa moja.)

Taarifa ya habari ya saa 5 ndiyo riziki ya kituo. Matangazo ya biashara ya humo kituo huyauza chenyewe, na fedha ni zake. Uzito wa jambo hili unaonekana katika tukio dogo la mwaka 1991. The Tonight Show kilikuwa kikianza saa 5:30, na NBC ikakisogeza mbele dakika tano ili vituo vipate nafasi zaidi ya matangazo ndani ya habari. Johnny Carson, mwendeshaji wake aliyetawala usiku wa Marekani tangu 1962, alisogezwa kwa ajili ya dakika tano za matangazo ya vituo vya mikoani. Ukilijua hilo, ya mwaka 2010 hayashangazi sana.

Na mtazamaji wa saa 5 anatoka wapi? Anatoka saa 4. Aliyemaliza tamthilia nzuri hubaki kwenye chaneli ile ile kuangalia habari, na aliyemaliza habari hubaki kusikiliza utani wa kufungulia The Tonight Show akiwa tayari kitandani. Wengi hawagusi rimoti tena. Kwa miaka mingi NBC iliishi vizuri kwa mpangilio huo kwa sababu saa 4 yake ilikuwa na tamthilia nzito kama Hill Street Blues, L.A. Law, ER na Law & Order. Mchekeshaji wa saa 5:35 alikuwa anapokea watazamaji walioletwa mlangoni kwake. Kazi yake ilikuwa kuwazuia wasilale.

Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema Conan hakuvuta watu, swali la kwanza ni hili: nani alikuwa saa 4?

Jeraha la 1992

Hofu ya NBC ilikuwa na historia. Carson alistaafu tarehe 22 Mei 1992. Kila mtu aliyefuatilia vipindi vya usiku alidhani mrithi ni David Letterman, aliyekuwa na kipindi chake baada ya Carson tangu mwaka 1982, na Carson mwenyewe alimpenda. NBC ikamchagua Jay Leno, aliyekuwa akimshikia Carson nafasi anapokuwa likizo, na aliyekuwa na mazoea ya kuzunguka vituo washirika akisalimiana na wenye vituo. Ona tena vituo vinavyoingia katika hadithi. Leno alijua mapema kuliko wenzake kwamba kiti hicho kinapigiwa kura mikoani pia.

Letterman aliumia sana. CBS, mshindani wa NBC, ilipomtaka, mabosi wa NBC walianza kubishana kama wamtoe Leno wampe yeye, na Leno alijificha katika chumba kidogo cha ofisi akasikiliza mkutano wao wa simu. Hili si porojo, amelikiri mwenyewe. Mwishowe NBC ilimwahidi Letterman kiti hicho, lakini asubiri mpaka mkataba wa Leno uishe. Letterman alikataa, akaenda CBS, na kuanzia tarehe 30 Agosti 1993 akasimama saa ile ile dhidi ya Leno na kumshinda kwa karibu miaka miwili. Nafasi aliyoiacha, ya usiku zaidi, akapewa kijana asiyejulikana, mwandishi wa zamani wa Saturday Night Live na The Simpsons, aliyeitwa Conan O'Brien.

Leno aligeuza mambo Julai 1995, mwigizaji Hugh Grant alipokuja kwenye kipindi chake muda mfupi baada ya kukamatwa na polisi akiwa na kahaba. Leno alimuuliza moja kwa moja alikuwa anafikiria nini, na usiku ule akampita Letterman. Tangu hapo aliongoza mwaka baada ya mwaka. Sisi wapenzi wa Conan hatupendi kulisema hili kwa sauti, lakini lazima lisemwe: Leno alikuwa namba moja siku aliyoambiwa aondoke.

NBC ilibaki na fundisho moja tu kutoka 1992: usikubali kumpoteza mtu kwa washindani. Fundisho la pili, kwamba kuchagua kuna gharama na lazima uilipe, halikuingia.

Ahadi ya miaka mitano

Mwaka 2004 mkataba wa Conan ulikuwa unakaribia mwisho na Fox ilikuwa inamnyemelea. NBC haikutaka kurudia ya Letterman. Ikamwendea Leno na kumwambia akabidhi kiti mwaka 2009. Leno akakubali, na tarehe 27 Septemba 2004, siku ya miaka 50 ya kipindi, jambo likatangazwa. Leno alieleza hewani kwamba hakutaka uadui wa zamani ujirudie.

Magazeti yalisifu. Mimi naliona tangazo hilo kama mwanzo wa kuharibika kwa kila kitu. Miaka mitano kwenye televisheni ni umri. NBC ilikuwa imemfukuza mshindi kwa tarehe ya mbali, ikitumaini kwamba tarehe ikifika mshindi atakuwa amechoka au ameporomoka. Hakuchoka wala hakuporomoka. Mwaka 2008 Leno alikuwa bado anaongoza, na kila mtu Hollywood alijua kwamba mkataba ukiisha ABC itakuwa mlangoni kwake na hundi mkononi.

Mkuu wa NBC Universal wakati huo alikuwa Jeff Zucker. (Yeye na Conan walikuwa Harvard wakati mmoja. Conan aliongoza jarida la vichekesho la wanafunzi, Zucker gazeti la chuo, na Zucker aliwahi kuwaitia polisi kina Conan kwa utani wao wa kuiba nakala za gazeti.) Zucker alikuwa na mlango mmoja wa heshima: amshukuru Leno, amlipe haki yake, amwache aende ABC, kisha ampe Conan kila msaada wa kupambana naye. Ingekuwa vita ngumu, na pengine Conan angeshindwa mwaka wa kwanza. Lakini ingekuwa vita ya haki.

Badala yake, Desemba 2008, NBC ilitangaza kwamba Leno atabaki, na atapewa saa 4 usiku, siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa.

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na hapa zilikuwa zaidi ya mbili. NBC ilimshika Leno, ikamshika Conan, ikashika na akiba ya fedha, kwa sababu kipindi cha mazungumzo kina gharama ndogo sana kuliko tamthilia. Wakati huo NBC ilikuwa imeshuka hadi nafasi ya nne kati ya mashirika makuu ya televisheni, na wahasibu walipenda walichokiona. Lakini hesabu yao ilikuwa ya saa 4 peke yake. Saa 5 ilikuwa ya watu wengine.

Waliogundua mapema ni wale wa Boston. Aprili 2009, kituo cha WHDH kilisema hakitamrusha Leno saa 4; kingeweka taarifa yake ya habari. NBC ikatishia kukinyang'anya ushirika, na kituo kikanywea. Ningekuwa bosi wa NBC, siku ile ningeacha kila kitu na kuwasikiliza wale watu. Mwenye kituo alikuwa anaeleza kwa lugha nyepesi kile kitakachotokea nchi nzima miezi sita baadaye.

Miezi saba

Conan alianza tarehe 1 Juni 2009 katika studio mpya huko Universal City. Wafanyakazi wake walikuwa wamehamisha familia zao kutoka New York kwenda California, wengine baada ya kuishi New York miaka yote 16 ya kipindi chake cha zamani. Usiku wa kwanza ulikuwa mkubwa. Kisha watazamaji wakapungua, kama ilivyotarajiwa kwa mtu mpya mwenye utani wa ajabu ajabu uliozoeleka kwa vijana na wanaokesha.

Tarehe 14 Septemba Leno akaanza saa 4. Takriban watu milioni 18 walimtazama, wengi wakitaka kumwona Kanye West, aliyekuwa amempokonya Taylor Swift kipaza sauti kwenye tuzo za MTV usiku uliotangulia. Ndani ya wiki chache umati ule ulikuwa umetoweka, na The Jay Leno Show kikawa kinazunguka kwenye milioni tano hivi. Kwa saa ya dhahabu ya usiku, dhidi ya tamthilia za CBS na ABC, hizo ni nambari za aibu.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mpangilio. Saa 4 ikapungua, habari za saa 5 zikapungua. Katika mji baada ya mji, vituo vya NBC vilivyokuwa vikiongoza kwa habari vilijikuta vinapitwa na jirani. Na saa 5:35 Conan akapokea kilichobaki. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na wastani wa takriban milioni 2.5, nusu hivi ya waliokuwa wakimtazama Leno katika kiti hicho, na Letterman alikuwa amerudi kileleni baada ya kusubiri zaidi ya muongo mzima.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa vya kutosha. Leno wa saa 4 alikuwa na wageni wa aina ile ile, utani wa siku ule ule, vipengele vyake vile vile vya zamani. Nyota wa filamu aliyekuwa na filamu ya kuuza alikuwa na milango miwili ndani ya NBC moja, na mlango wa Leno ulifunguka mapema zaidi usiku. Ifikapo saa 5:35 mtazamaji wa NBC alikuwa ameshasikia utani kuhusu habari za siku hiyo kutoka kwa mtu aliyemzoea kwa miaka 17. Conan alikuwa anapakua chakula kwa watu walioshiba.

Je, Conan hana lawama kabisa? Anayo kidogo. Utani wake wa saa 6:35 usiku wa zamani haukubadilika vya kutosha kwa watu wa saa 5:35, ambao ni wazee zaidi na wanataka mambo mepesi. Hata mimi nikitazama upya vipindi vya kiangazi kile naona usiku ambao haukuwaka. Lakini Leno naye alishindwa na Letterman kwa karibu miaka miwili kabla ya kupanda, na NBC ilimvumilia. Conan alipewa miezi saba, na katika hiyo, minne alikuwa na mtangulizi wake akimtangulia tena kila usiku.

Desemba 2009 vituo washirika vikafika mwisho. Viliiambia NBC waziwazi kwamba vitaanza kumwondoa Leno vyenyewe. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwa Zucker: mwanzoni mwa mwezi huo Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo, ilikuwa imetangaza kununua asilimia 51 ya NBC Universal kutoka General Electric, na uuzaji huo ulihitaji idhini ya serikali. Uasi wa vituo nchi nzima ndicho kitu cha mwisho alichokitaka. Gaspin mwenyewe alieleza kule Pasadena kwamba nambari za Leno zilikuwa zinaitosha NBC, ila hazikuwatosha washirika wake. Hapo ndipo ukweli wa kisa hiki uliposemwa, na aliyeusema ni mtu wa NBC.

Barua

Mkataba wa Conan ulimhakikishia The Tonight Show. Haukutaja saa. Wanasheria wamelijadili pengo hilo kwa miaka, na ni kweli kwamba neno moja lingemwokoa. Ila nani angefikiria? Kipindi kilikuwa kimefuata habari za usiku tangu mwanzo wake. NBC ililiona pengo na kupitia humo: hatukuondoi, tunakusogeza.

Tarehe 12 Januari Conan alijibu kwa barua ya wazi, akiwaandikia watu wote wa Dunia. Ni barua fupi, na kwangu ndiyo andiko bora kabisa lililowahi kutoka katika ugomvi wa televisheni. Alianza kwa kukubali kwamba yeye ni mtu mwenye bahati na kwamba watu wengine wana matatizo makubwa zaidi. Kisha akaingia kwenye kiini. Alisema alidhani atapewa kama mtangulizi wake vitu viwili, muda wa kukua na msaada wa watazamaji kutoka vipindi vya saa za mapema, na kwamba bila hivyo viwili haiwezekani kujenga hadhira ya saa 5:30. Akasema kukisukuma The Tonight Show hadi siku inayofuata ili kupisha kipindi kingine cha vichekesho kutakiharibu, na kwamba kipindi hicho kikianza saa 6:05 si The Tonight Show tena. Alimtaja na Fallon, ambaye angesukumwa bila kosa. Akakiri kwamba hana kazi nyingine mkononi. Mwisho akaomba radhi kwa nywele zake.

Wapo waliosema ni majivuno: dakika thelathini, na mamilioni ya dola. Sikubaliani nao. Saa 6 usiku ni mpaka halisi. Mwalimu, muuguzi, fundi wa magari anayeamka alfajiri hukaa mpaka utani wa mwanzo wa saa 5:35 uishe, halafu huzima taa. Ukianza saa 6:05 umempoteza kabla hujafungua mdomo. Mbele ya Conan ingekuwapo nusu saa ya Leno ikichota utani wa siku, yaani hali ile ile iliyomuua Conan wakati Leno yuko saa 4, ikiletwa karibu zaidi. NBC ilikuwa inarudia kosa lake kwa kipimo kidogo na kuliita suluhisho.

Wiki mbili zile zilikuwa za ajabu. Picha ya Conan yenye maandishi ya kuonyesha kwamba mtu yuko upande wa Coco, jina lake la utani, ilienea kila mahali, na mashabiki waliandamana kwenye mvua nje ya studio. Kwenye ABC, mchekeshaji Jimmy Kimmel alifanya kipindi kizima akiwa amevaa kama Leno, kidevu na nywele zote. Siku mbili baadaye akaalikwa kwa njia ya video kwenye kipindi cha Leno mwenyewe. Alipoulizwa ni utani gani mkubwa aliowahi kumfanyia mtu, akajibu kwamba aliwahi kumwambia jamaa atampa kipindi chake baada ya miaka mitano, akampa, halafu karibu papo hapo akamnyang'anya. Leno akaendelea na swali lililofuata. Ukitazama uso wake pale unaona mtu anayejua kwamba hawezi kujibu.

Na Leno alikuwa na jibu lake, alilolitoa hewani tarehe 18 Januari: aliambiwa aondoke akiwa anaongoza, aliomba kuachiwa mkataba, NBC ikamzuia, saa 4 haikuwa wazo lake, na Conan hana kosa. Kila kipande cha maelezo hayo kina ukweli. Alichoulizwa na watu, naye hakukigusa, ni kwa nini alikubali kurudi. Mwaka 2004 alitoa neno lake mbele ya taifa zima. Alikuwa na umaarufu, fedha, na kazi ya jukwaani ambayo hakuwahi kuiacha. Kama angesema hapana, NBC isingekuwa na mpango wowote wa kutangaza Pasadena. Hapo ndipo lawama yangu kwake inapoanzia na kuishia.

Makubaliano yalifikiwa tarehe 21. Conan angepata takriban dola milioni 33, na karibu milioni 12 zingekwenda kwa wafanyakazi wake wapatao 200. Sehemu hiyo ya pili ilichukua siku kadhaa za mvutano, kwa sababu Conan hakutaka kuondoka huku watu waliohama bara zima kwa ajili yake wakibaki mikono mitupu. Alizuiwa kuonekana kwenye televisheni hadi Septemba na kuisema NBC vibaya. Kipindi cha mwisho kilikuwa tarehe 22 Januari, na takriban watu milioni 10 walikitazama, zaidi ya wale waliokuwa wakimtazama Leno katika miaka yake mizuri. Aliishukuru NBC, kisha akawaomba vijana wasiwe watu wa kubeza kila kitu, kwamba hakuna anayepata hasa kile alichotazamia, ila ukifanya kazi kwa bidii na kuwa mwema, mambo ya ajabu hutokea. Halafu akapiga gitaa nyuma ya mwigizaji Will Ferrell.

Leno alirudi tarehe 1 Machi. Vituo vikapata tamthilia zao za saa 4. Zucker alitangaza kuondoka mwezi Septemba, Comcast ikaingia.

Mara iliyofuata NBC ilipobadilisha kiti, mwaka 2014, ilifanya kile ilichokikwepa mara mbili. Leno aliaga tarehe 6 Februari na hakupewa saa nyingine yoyote ya usiku. Fallon alianza tarehe 17, katikati ya matangazo ya Olimpiki ya Sochi yaliyomletea watazamaji tele, na kipindi kikarudi New York. Muda na watazamaji wa kurithi, vitu viwili vilevile vya kwenye barua.

Kuna sehemu moja ya kisa hiki ambayo mashabiki wa Conan huiruka, nami sitairuka. Aprili 2010 alitia saini na TBS, chaneli ya kebo, kipindi chake kianze saa 5 usiku tarehe 8 Novemba. Saa 5 ya TBS ilikuwa na mwenyewe: George Lopez, mchekeshaji mwenye asili ya Meksiko, aliyekuwa ameanza Lopez Tonight mwaka mmoja tu kabla. Ili Conan aingie, Lopez alisogezwa hadi saa 6. Conan alisita kwa sababu hiyo hiyo, na inajulikana kwamba Lopez mwenyewe alimpigia simu kumwambia aje, akiamini kwamba watazamaji wa Conan watabaki kwake.

Kuna tofauti kati ya Lopez na Conan wa Januari: mmoja aliulizwa na akakubali, mwingine aliarifiwa. Naipa tofauti hiyo uzito mkubwa. Lakini saa ni saa. Hoja ya barua ilikuwa kwamba baada ya saa 6 usiku watu wamelala, na hoja hiyo haikuacha kuwa kweli kwa sababu mtu wa saa 6 ameridhia. Conan, aliyeieleza vizuri kuliko yeyote, alikuwa na nguvu ya kudai saa 4 ya TBS, au saa 6 yeye mwenyewe kwa mwaka wa kwanza, na hakudai. Lopez Tonight kilifutwa Agosti 2011.